Goti la Mhasibu, kilomita 90 kabla ya Butiama

Mchana wa tarehe 13 Oktoba msafara wetu wa baiskeli ulikuwa Lamadi, wilayani Busega, pale barabara ya kutoka Mwanza inapoelekea kaskazini kuingia Mara. Tulikuwa tumeshatembea zaidi ya kilomita 1,200 tangu Dar es Salaam. Mbele zilibaki kama 90: Bunda, Makutano, kisha Butiama, ambako asubuhi ya tarehe 14, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, tulisubiriwa na wanafunzi, wazee, waandishi wa habari na mgeni rasmi. Kilima cha Saranda kilikuwa kimepandwa, cha Sekenke kimeshukwa salama katikati ya malori, jua la Igunga limevumiliwa. Watu walishaanza kuulizana nani atashika bendera. Hapo ndipo mmoja wetu aliposimama mbele ya kibanda cha chipsi akashindwa kushuka kwenye baiskeli.

Naandika kisa hiki kwa ajili ya wanaopanga misafara ya hisani. Nilikuwa kwenye gari la huduma, kwa hiyo nilisikia ya huku na ya kule. Majina nayaacha. Njiani tuliitana kwa kazi zetu, na hayo yanatosha.

Aliyeshindwa kushuka ni Mhasibu. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mtaratibu, mwendo wake wa asubuhi ndio wa jioni, hana mbio na wala habaki nyuma. Safari nzima hakuwahi kuomba kitu isipokuwa chai isiyo na sukari. Ndiye pia aliyeleta ahadi nyingi kuliko wenzake wote, na ahadi hizo zilikuwa za kilomita. Jamaa huyu kaweka shilingi 500, yule 1,000, ofisi yake ikaweka 5,000, mpaka zikatimia shilingi 10,000 kwa kila kilomita atakayoendesha. Fedha zilikuwa za vyoo vya shule moja ya msingi. Wanaofuatilia mambo ya shule wanajua kipimo cha nchi yetu: tundu moja kwa wasichana 20, tundu moja kwa wavulana 25. Shule ile ilikuwa mbali sana na kipimo hicho, na wasichana wakubwa ndio walioumia zaidi, kwa sababu zinazoeleweka. Kilomita 90 za Mhasibu zilikuwa shilingi 900,000. Kwa makadirio ya fundi wetu, hilo ni karibu tundu zima.

Kwa hiyo goti lilipovimba Lamadi, halikuwa goti la mtu mmoja tena.

Maumivu hayakuanzia pale. Baadaye alituambia alianza kusikia kitu kama sindano mbele ya goti la kulia siku tuliyotoka Shinyanga, hasa kwenye vilima. Akanyamaza. Mwanza aliingia duka la dawa akanunua diklofenaki, vidonge vya maumivu, akameza na chai tumbo likiwa tupu, akanyamaza tena. Magu tulimwona akikanyaga mguu mmoja zaidi ya mwingine, na kijana aliyekuwa nyuma yake akamuuliza, "Mama, vipi?" Akajibu, "Safi tu, twende." Jibu hilo msafara mzima ulilipokea kwa furaha kwa sababu ndilo tulilotaka kusikia.

Tukamkalisha barazani. Nesi akaligusa goti: la moto, limejaa kuzunguka pia ya goti, kile kifupa cha mbele, linauma akijaribu kuchuchumaa, lakini kwenye tambarare anatembea. Halijifungi, wala haliachii ghafla. Nesi akasema hilo la mwisho ni habari njema, na ndiyo habari njema pekee aliyokuwa nayo. Akaichukua ile karatasi ya vidonge akaitia mfukoni mwake. Alieleza bila kuzunguka: dawa ya aina hii kwa mtu anayetoka jasho kutwa nzima na hanywi maji ya kutosha inaziweka figo pabaya, na kwa tumbo tupu inachuna utumbo. Tena inaficha maumivu ambayo kazi yake ni kukwambia usimame.

Wakati huo wingu lilikuwa limeshajikusanya upande wa ziwa. Oktoba ukanda ule mvua za radi zinaanza, na alasiri ndiyo saa yake. Mpango wetu wa awali ulikuwa kulala Bunda, umbali wa kama kilomita 40, ili asubuhi zibaki 50 tu na tufike Butiama kabla ya saa nne, saa ambayo mgeni rasmi alikuwa amepangiwa. Sasa palikuwa na njia tatu. Kwanza, kwenda Bunda jioni ileile, na Mhasibu avumilie. Pili, Mhasibu apande gari, wengine waendelee. Tatu, wote tulale Lamadi, na sherehe itusubiri au isitusubiri.

Kuna aliyependekeza ya nne: tulale, kisha tuondoke saa tisa usiku. Hilo lilikataliwa haraka na dereva wetu, mtu wa kwao huko, na alikuwa na haki. Kati ya Lamadi na Bunda barabara inapita mpakani kabisa mwa hifadhi ya Serengeti, lango la Ndabaka liko kandokando yake. Wanyama wanavuka usiku bila kumuuliza mtu, na malori ya mpaka wa Sirari yanakimbia. Baiskeli yenye taa ya kushika mkononi haina lake pale.

Kapteni alitaka njia ya kwanza. Simlaumu kama wengine wanavyomlaumu. Ndiye aliyebembeleza wafadhili miezi mingi, ndiye simu yake iliyokuwa inaita kutwa nzima kutoka Butiama kuulizwa mmefika wapi. Akakumbusha kwamba mwaka 1967 Mwalimu mwenyewe aliutembea ukanda huu kwa miguu, kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. "Sisi tuna baiskeli zenye gia," alisema, "tunashindwaje kilomita 40?" Watu wakacheka, na wengine wakaanza kufunga kofia zao.

Nesi akamjibu kwa historia ileile. Mwaka huohuo, kwa Azimio hilohilo, vijana walitembea kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam, na mmoja wao, Seth Benjamin, hakufika. Alifia njiani. "Yule wa kwanza tunamtaja kila mwaka," Nesi alisema, "na huyu tumtaje leo."

Kimya kikatanda kidogo. Lakini hoja haikuisha hapo, maana Nesi alikuwa anazungumzia mwili na Kapteni alikuwa anazungumzia saa nne asubuhi. Mambo hayo mawili hayana mizani moja. Hapo ndipo naona tatizo la kisa hiki lilipo, na lilikuwepo tangu Dar es Salaam, kabla ya goti lolote kuuma. Ratiba yetu ilikuwa na siku ya kupumzika Dodoma, ambako hakuna aliyekuwa amechoka sana, na haikuwa na hata nusu siku ya akiba kwenye ukanda wa ziwa. Tuliipanga hivyo kwa sababu Dodoma ilikuwa na watu wa kuwatembelea. Mwisho wa safari tukaufunga kwenye saa ya mgeni rasmi. Msafara ukifungwa hivyo, mtu akiumwa siku ya tatu ni mgonjwa, akiumwa siku ya mwisho ni kikwazo. Mhasibu alilijua hilo kuliko sote. Ndiyo maana alinyamaza kuanzia Shinyanga.

Yeye mwenyewe alipoulizwa anataka nini, alisema jambo ambalo sikulitegemea. Hakusema "naweza" wala "siwezi". Aliuliza: "Nikipanda gari, zile kilomita nazihesabuje?"

Wapo waliomwambia asijisumbue, nani atajua. Kijana mmoja akatoa wazo kwamba mwenzake aendeshe baiskeli ya Mhasibu na simu ya Mhasibu mfukoni, ile programu ya kupima umbali ihesabu yenyewe. Alilitoa kwa nia njema kabisa, na nusu ya baraza lilitikisa kichwa kukubali. Mhasibu akamtazama kama anavyomtazama mtu aliyeleta risiti bila muhuri. "Mwanangu," akasema, "hiyo hesabu nikiikuta ofisini namwandikia mtu barua."

Tukiwa bado tunavutana, mvua ikamaliza ubishi. Ilishuka nzito, na hakuna aliyekwenda Bunda jioni ile. Naweza kusema tuliamua kwa busara, lakini ukweli ni kwamba tuliamuliwa.

Lamadi ni mji wa samaki, na mji wa samaki una barafu. Dereva alirudi na mfuko wa barafu kutoka kwa mama muuza sato, tukaifunga kwenye khanga, goti likawekwa juu ya mto. Nesi akampima maji aliyokunywa siku nzima, akagundua ni machache mno, akamchanganyia chumvichumvi za paketi, zile wanazopewa watoto wanaoharisha, lita moja kwa paketi, akamsimamia mpaka akamaliza. Akaagiza apikiwe wali na samaki. Siku mbili zile, kumbe, Mhasibu alikuwa anaishi kwa chai na maandazi, na hakuwa peke yake. Wengi wetu tuliacha kula vizuri tangu Mwanza. Watu walikuwa wanakula kwa haraka wakiwa wameshika simu, wakipanga nguo za sherehe.

Chanzo cha goti tulikigundua jioni hiyo kwa bahati. Kijana wa pancha aliyekuwa anaosha baiskeli zetu kwa malipo ya soda aliuliza kwa nini baiskeli ya mama ina siti fupi hivyo ilhali mama mwenyewe ni mrefu. Usukumani baiskeli ni chombo cha kazi. Shinyanga zinabeba abiria na kuitwa daladala, vijijini zinabeba magunia ya mkaa na madumu ya maji, na vijana wanazisoma kwa jicho tu. Tukaenda kuangalia. Kabla ya safari kila mwendeshaji alikuwa amezungushia utepe mweusi kwenye bomba la siti, pale linapoingia kwenye fremu, ili kimo kisipotee. Utepe wa Mhasibu haukuonekana. Bomba lilikuwa limeumeza ndani kwa upana wa vidole viwili.

Ikakumbukwa kwamba Shinyanga siti yake ilikuwa inalia, bomba likachomolewa, likapakwa grisi, likarudishwa. Nati haikukazwa sawasawa. Bomba lenye grisi na nati iliyolegea, juu yake mtu na mkoba wa maji, barabara ya matuta: linashuka kidogokidogo, mwenyewe hasikii. Siti ikishuka, goti linakunjwa zaidi ya kawaida kila pedeli inapopanda, na mzigo wote unaangukia mbele, kwenye pia ya goti. Siti ikiwa juu mno maumivu mara nyingi huja nyuma ya goti. Ikiwa chini mno huja mbele. Nesi na fundi wetu wote wawili walilijua hilo, kila mmoja kwa upande wake. Kwa miguu inayozunguka mara 75 kwa dakika, saa sita za barabara ni mikunjo 27,000 ya goti moja. Hakuna mlima unaohitajika.

Kipimo cha haraka kila mtu anaweza kukifanya: kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke. Wa Mhasibu ulikuwa umekunjika waziwazi.

Kwa nini hatukuona? Kuanzia Dar es Salaam hadi Nzega tulikuwa na ukaguzi wa jioni. Kabla ya kuoga, kila mtu anapindua baiskeli yake, anakagua cheni, tairi, breki, nati zote, na utepe wa siti. Ilikuwa kero, na ilifanya kazi. Shinyanga ukaguzi ulifanyika nusunusu. Mwanza haukufanyika kabisa kwa sababu tulialikwa chakula cha jioni. Hakuna aliyeufuta. Ulikufa wenyewe, kama ugali unavyopoa mezani wakati watu wanaongea. Na mtu akisema goti linauma, macho yote yanakwenda kwenye goti, umri na mazoezi yake. Nilisikia kwa masikio yangu mtu akisema "mama ameshachoka, ni umri". Mama hakuwa amechoka. Siti yake ilikuwa imeshuka.

Asubuhi uvimbe ulikuwa umepungua lakini haujaisha. Kundi likagawanyika, na hili liliwaudhi baadhi ya watu kwa sababu kauli yetu tangu mwanzo ilikuwa tumeanza pamoja, tutamaliza pamoja. Kapteni na wenye miguu mizima waliondoka mara tu kulipopambazuka ili wawahi. Mhasibu na wenzake wawili waliojitolea waliwafuata polepole, siti ikiwa imerudishwa mahali pake, gia nyepesi, bila kidonge. Nesi alimpa sharti moja: maumivu yakibadilisha namna unavyokanyaga pedeli, unashuka, na hakuna majadiliano. Sharti hilo nalipenda kuliko maswali ya "unaumwa kiasi gani, moja hadi kumi", maana watu wa misafara ya hisani wote husema tatu.

Alifika Bunda. Kwenye kilima baada ya mji akaanza kukanyaga kwa mguu wa kushoto tu. Nesi akapiga honi. Mhasibu akashuka mwenyewe, akaandika namba iliyokuwa kwenye kipima umbali cha baiskeli, akapanda gari. Tulipofika Makutano akaomba kushushwa ili aendeshe kipande cha mwisho kuingia Butiama, kama kilomita 12.

Hapo paliibuka ubishi ambao hadi leo haujaisha baina yetu. Wapo wanaosema kuteremka kwenye gari na kuingia kijijini juu ya baiskeli mbele ya kamera ni kuwahadaa watu. Nesi, ajabu, ndiye aliyekubali: goti limepumzika saa nzima, njia ni fupi, anakwenda taratibu. Mimi niko upande wake, kwa sababu tofauti na ya kitabibu. Udanganyifu ungekuwa kwenye hesabu, si kwenye kuingia. Wanafunzi waliosimama barabarani hawakuwa wanahesabu kilomita, walikuwa wanawasubiri watu waliowaahidi kwamba watakuja. Kapteni alipomtaka akae mbele ya msafara apigwe picha, maana wale wa kwanza walikuwa wamesubirishwa langoni ili wote waingie pamoja, Mhasibu alikataa akaingia katikati kama alivyokuwa akiendesha siku zote. Tulichelewa zaidi ya saa moja. Mgeni rasmi alikuwa bado yupo, na hotuba yake haikuwa fupi zaidi kwa ajili yetu.

Jioni ileile, kabla hata ya kuoga, Mhasibu alituma ujumbe mmoja kwa wote waliomwahidi. Niliuona. Ulitaja kilomita alizoendesha, kilomita alizopanda gari, kati ya mahali gani na mahali gani, na sababu kwa mstari mmoja: "Goti la kulia, siti ilishuka, nesi aliniamuru." Mwisho akaandika kwamba kila mmoja alipe kwa kadiri anavyoona ni halali.

Wengi walilipa safari nzima bila kukata. Mwenye duka la vipuri Kariakoo aliongeza, akisema za kukazia nati. Wawili walijifanya hawakuuona ujumbe, na hao wangejifanya hivyo hata kama angefika kwa miguu yote miwili. Ofisi yake ililipa ikiwa imekata kilomita za ndani ya gari mpaka shilingi ya mwisho. Wenzetu walikasirika, wakaiita roho mbaya. Mhasibu alisema mkurugenzi wa ofisi yake ndiye mtu pekee aliyeusoma ujumbe wake hadi chini.

Nina maoni yangu kuhusu ahadi za kilomita, na nimeyasema kwenye kamati. Zinavutia mwanzoni kwa sababu mtoaji anaona kila jasho lina bei. Lakini siku ya mwisho, mtu mwenye goti bovu anajikuta anauza tundu la choo la msichana kila anapofikiria kusimama. Afadhali watu waahidi kwa ajili ya vyoo, na sisi tuendeshe kwa namna tunavyoweza. Kapteni hakubaliani. Anasema bila kilomita watu wa Dar hawatoi, na anazo hesabu za mwaka mwingine kuthibitisha. Mhasibu, tulipomuuliza awe mwamuzi, alisema aina ya ahadi haimsumbui, ila safari ijayo anataka siku ya akiba Bunda na ukaguzi wa jioni usimamiwe na mtu asiyealikwa kula popote. Siku ya Bunda imeshaingizwa kwenye ratiba. Wa kusimamia ukaguzi bado anatafutwa.